Namna ya kujaza tarehe zinazojirudia kwenye Excel kwa haraka, bila kuandika seli moja moja

MtunzaRejesta

Wakuu, salaam. Uzi huu ni kwa ajili ya makarani, walimu, wauguzi wanaotunza rejesta, wahasibu wa vikundi na yeyote ambaye kazi yake inamlazimu kuwa na safu ndefu ya tarehe, ambamo tarehe moja inajitokeza mara kadhaa kabla ya kuipisha inayofuata. Nimewaona watu wenye bidii kubwa wakiandika 01/07/2025 mara tatu, kisha 02/07/2025 mara tatu, hivyo hivyo hadi mwisho wa mwezi, na inaniuma, kwa sababu kazi hiyo inayowala nusu siku kompyuta inaimaliza kwa kufumba na kufumbua, tena bila kuruka siku wala kuiandika siku moja mara nne.

Nitatumia mfano wa rejesta ya zamu katika kituo cha afya, kwa kuwa ndiyo ninayoifahamu kwa undani. Kila siku ina zamu tatu, yaani asubuhi, mchana na usiku, na kila zamu ina mstari wake. Mwaka wa fedha wa serikali ya Tanzania wa 2025/26 unaanza tarehe 1 Julai 2025 na kuishia tarehe 30 Juni 2026. Siku zake ni 365, kwa hiyo rejesta nzima ina mistari 1,095, ukiacha mstari wa vichwa vya safu.

Kabla hujagusa kipanya, elewa kwamba Excel haihifadhi tarehe kama tunavyoiona kwenye kioo. Ndani ya seli kuna namba inayohesabu siku kuanzia mwaka 1900: tarehe 1 Januari 1900 ni 1, tarehe 1 Julai 2025 ni 45839, na tarehe 30 Juni 2026 ni 46203. Siku, mwezi na mwaka unaoviona ni vazi tu ambalo namba hiyo imevishwa. Ukitaka kuhakikisha, chagua seli yenye tarehe, ubadilishe muundo wake uwe General, na namba itajitokeza yenyewe. Mbinu zote nitakazozieleza zinatokana na ukweli huo mmoja: kama tarehe ni namba, basi kesho ni leo ukiongeza 1, na wiki ijayo ni leo ukiongeza 7.

Jambo linalofuata ni kujiuliza tarehe zako zinajirudia kwa namna gani, kwa sababu watu wengi hukwama hapo na kudhani Excel ndiyo iliyokataa. Kuna safu ambayo tarehe ni moja tu kutoka juu hadi chini, kwa mfano orodha ya watu wote waliohudhuria mkutano wa siku moja. Kuna safu ambayo kila tarehe inarudiwa idadi fulani ya mara ndipo inaingia inayofuata, kama rejesta yetu ya zamu. Halafu kuna safu ambayo kundi zima la tarehe, tuseme za Jumatatu hadi Ijumaa, linaisha na kuanza upya kwa mtu mwingine. Kila moja ina njia yake.

Ile ya kwanza ni nyepesi. Juu ya safu A, upande wa kushoto, kuna kisanduku kidogo kinachoonyesha jina la seli uliyopo. Andika humo A2:A1096, bonyeza Enter, na seli zote hizo zitakuwa zimechaguliwa bila kuburuta kitu. Andika tarehe yako mara moja, kisha badala ya kubonyeza Enter peke yake, bonyeza Ctrl na Enter kwa pamoja. Tarehe itaingia katika kila seli uliyochagua. Kama unapendelea kuburuta, shika kile kimraba kilichopo kwenye pembe ya chini kulia ya seli, lakini ujue kwamba ukiburuta tarehe moja Excel huongeza siku kila mstari. Ukitaka ibaki ileile, shikilia Ctrl wakati unaburuta. Tarehe ya leo huandikwa kwa Ctrl na alama ya nukta mkato. Msitumie TODAY kwenye rejesta, kwa sababu fomula hiyo hubadilika kila siku faili linapofunguliwa, na rejesta ya Jumatatu itasomeka kuwa ni ya Ijumaa.

Ile ya pili ndiyo iliyonifanya niandike uzi huu. Njia rahisi kuliko zote haihitaji fomula ndefu. Andika tarehe ya kwanza katika mistari mitatu ya mwanzo, halafu katika mstari wa nne iambie Excel ichukue seli iliyopo mistari mitatu juu na kuiongeza siku moja:

A2: 01/07/2025, B2: Asubuhi
A3: 01/07/2025, B3: Mchana
A4: 01/07/2025, B4: Usiku
A5: =A2+1, B5: =B2

Chagua A5 na B5, shika kile kimraba, uburute hadi mstari wa 1096. Seli A6 itakuwa na =A3+1, A7 itakuwa na =A4+1, na A8 itakuwa na =A5+1, ambayo sasa ni tarehe 3 Julai. Safu ya zamu nayo inajizungusha yenyewe, kwa kuwa kila seli inaazima neno lililopo mistari mitatu juu yake bila kuongeza kitu. Hiyo B ndiyo pia njia ya ile aina ya tatu niliyoitaja: andika kundi la tarehe mara moja, na chini yake anza kurejelea seli ya kwanza ya kundi.

Wanaotaka kubadilisha idadi ya marudio bila kuanza upya waweke tarehe ya kuanzia katika H1, idadi ya marudio katika H2, kisha waandike hivi katika A2 na kuijaza chini:

=$H$1+INT((ROW(A1)-1)/$H$2)

Fomula hii inahesabu mstari ni wa ngapi, inaondoa 1, inagawa kwa idadi iliyo H2 (kwa rejesta yetu ni 3), na INT inatupa sehemu ya desimali. Mistari mitatu ya kwanza inatoa 0, mitatu inayofuata inatoa 1, na kuendelea. Alama za dola zinazuia H1 na H2 zisisogee unapojaza chini.

Ukimaliza, usiziache tarehe zikiwa fomula. Nakili safu yote, kisha ibandike papo hapo kama thamani tupu, yaani ile amri ya kubandika yenye jina Values. Rejesta ni kumbukumbu. Mtu akipanga mistari kwa jina la muuguzi, au akifuta mstari mmoja katikati, fomula zinazotegemeana zitavurugika au zitaonyesha #REF! kuanzia hapo hadi chini, na hakuna atakayeweza kusema zamu ile ilikuwa ya siku gani.

Neno moja kuhusu zamu ya usiku, kwa kuwa ndiyo inayoleta ugomvi wakati wa kukagua. Zamu inayoanza saa mbili usiku wa Ijumaa na kuisha saa mbili asubuhi ya Jumamosi ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Je, tarehe yake ni ya Ijumaa au ya Jumamosi? Fomula yangu hapo juu inaipa tarehe ya siku ilipoanzia. Kituo kinaweza kuamua vinginevyo, lakini uamuzi huo uandikwe juu ya karatasi kabla ya kujaza, maana jibu likitofautiana baina ya makarani wawili, hesabu ya wagonjwa wa siku haitalingana na daftari la dawa.

Mwalimu wa Zamu

Mkuu, ahsante kwa somo hili. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mahudhurio ya darasa langu ninayaweka kwa mtindo wa orodha ndefu: kila mwanafunzi ana mstari wake kwa kila siku ya shule. Wanafunzi ni 46. Tatizo langu ni kwamba tarehe zikienda mfululizo zinaniletea Jumamosi na Jumapili, na baada ya hapo nalazimika kuzitafuta na kuzifuta. Pia orodha ya majina inapaswa kurudi upya kila tarehe inapobadilika. Je, kuna namna ya kupata vyote viwili kwa pamoja?

MtunzaRejesta

Shikamoo Mwalimu. Ipo, na swali lako ni zuri kwa sababu linaonyesha kwamba kujaza tarehe na kujaza majina ni kazi moja yenye pande mbili.

Kwa tarehe, badala ya kuongeza siku kwa alama ya kujumlisha, tumia WORKDAY, ambayo inahesabu siku za kazi pekee na kuruka Jumamosi na Jumapili. Fungua karatasi ya pili uipe jina Sikukuu, uorodheshe humo sikukuu zote zinazoangukia muhula wako, moja kwa kila seli. Tarehe ya kuanza muhula iwe H1. Katika A2 andika:

=WORKDAY($H$1-1,INT((ROW(A1)-1)/46)+1,Sikukuu!$A$1:$A$20)

Tunaondoa siku moja kutoka H1 kwa sababu WORKDAY huanza kuhesabu kuanzia siku inayofuata ile uliyoipa. Tuchukue H1 kuwa Jumatatu, tarehe 5 Januari 2026, na katika orodha ya sikukuu umeweka tarehe 12 Januari 2026, Siku ya Mapinduzi ya Zanzibar, ambayo mwaka huo ni Jumatatu. Mistari 46 ya kwanza itakuwa ya tarehe 5, na mistari 46 ya tano itakuwa ya Ijumaa tarehe 9. Baada ya hapo safu inaruka mwisho wa juma pamoja na Mapinduzi na kutua Jumanne tarehe 13. Hutalazimika kufuta mstari hata mmoja.

Sikukuu za Idd zinategemea kuandama kwa mwezi, kwa hiyo weka tarehe inayotarajiwa na uirekebishe mwezi ukishaonekana. Ndiyo maana napenda orodha iwe kwenye karatasi yake: ukibadilisha seli moja, tarehe zote zilizo chini zinajipanga upya. Hapa ndipo mahali pekee ambapo ningekushauri uache fomula zikiwa hai kwa muda, lakini usianze kuandika waliohudhuria na wasiohudhuria kabla hujazigeuza kuwa thamani. Alama za mahudhurio hazisogei pamoja na tarehe, na ukirekebisha Idd katikati ya muhula, alama za wiki nzima zitajikuta zimesimama kando ya siku nyingine.

Kwa majina, weka orodha ya wanafunzi katika karatasi iitwayo Majina, kuanzia A1 hadi A46, kisha katika B2 andika:

=INDEX(Majina!$A$1:$A$46,MOD(ROW(A1)-1,46)+1)

INT inakuambia umemaliza makundi mangapi kamili, na MOD inakuambia uko nafasi ya ngapi ndani ya kundi. Hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja, na ukizielewa pamoja utaweza kupanga rejesta ya aina yoyote.

Mpwani wa Muscat

Assalaam alaykum. Niongeze kwa wenzetu tulio Oman, ambako mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi tangu mwaka 2013. WORKDAY ya kawaida itatupotosha, kwa sababu itaruka Jumapili ambayo kwetu ni siku ya kazi na kuingiza Ijumaa. Tumieni WORKDAY.INTL, na baada ya idadi ya siku wekeni 7, ambayo ndiyo alama ya Ijumaa na Jumamosi:

=WORKDAY.INTL($H$1-1,INT((ROW(A1)-1)/$H$2)+1,7,Sikukuu!$A$1:$A$20)

Kwa maduka na viwanda vinavyofanya kazi hadi Jumamosi na kupumzika Jumapili pekee, alama yake ni 11.

Karani wa Maziwa

Habari za kazi wakuu. Shida yangu ni ya upande wa pili. Ninapokea faili kutoka kituo cha kukusanyia maziwa, na aliyelijaza ameandika tarehe mara moja tu kwenye mstari wa mkulima wa kwanza wa siku, halafu chini yake ameacha wazi hadi siku inayofuata. Idadi ya wakulima haifanani: siku moja wanaleta 31, siku nyingine 44. Kwa hiyo siwezi kutumia ile ya kugawa kwa idadi. Nikichuja tarehe moja, ninapata mkulima mmoja tu.

MtunzaRejesta

Dada, faili la namna hiyo limejaa kila mahali, na limeandaliwa kwa ajili ya kusomwa na jicho. Jicho linaelewa kwamba nafasi wazi maana yake ni tarehe ya juu. Excel haielewi hivyo: kwake seli tupu ni tupu, na mkulima aliye kando yake hana siku. Kila mstari unapaswa kubeba tarehe yake mwenyewe, hata kama macho yanaona ni marudio yasiyo na sababu.

Chagua safu ya tarehe kuanzia tarehe ya kwanza hadi mkulima wa mwisho kabisa. Bonyeza F5, kisha kitufe cha Special, chagua Blanks na ukubali. Sasa seli tupu pekee ndizo zilizochaguliwa. Usibofye popote kwa kipanya. Andika alama ya usawa, bonyeza mshale wa juu mara moja, kisha bonyeza Ctrl na Enter kwa pamoja. Kila seli tupu itarejelea ile iliyo juu yake, na tarehe itateremka yenyewe hadi inapokutana na tarehe mpya. Idadi ya wakulima kwa siku haina athari yoyote. Malizia kwa kubandika safu yote kama thamani, la sivyo siku utakapopanga wakulima kwa majina kila kitu kitavurugika.

Kuna vizuizi viwili. Cha kwanza ni seli zilizounganishwa, pale ambapo mtu amechukua seli 31 na kuzifanya moja ili tarehe ikae katikati kwa kupendeza. Zitenganishe kwanza, tarehe itabaki kwenye seli ya juu na nyingine zitakuwa tupu, kisha uendelee kama nilivyoeleza. Cha pili ni seli inayoonekana tupu kumbe ina nafasi iliyoandikwa kwa kibodi. Excel haitaihesabu kuwa tupu, kwa hiyo itarukwa, na zile zilizo chini yake zitaanza kurithi utupu badala ya tarehe.

Kama programu yako haina amri hiyo ya kuchagua seli tupu, tumia safu ya kando. Tuseme tarehe ziko A na safu C haina kitu. Katika C2 andika =A2, na katika C3 andika:

=IF(TRIM(A3)="",C2,A3)

Jaza chini hadi mwisho. Hapo hata seli zenye nafasi zinashughulikiwa, kwa sababu TRIM inaziondoa kabla ya kupima. Kama matokeo yanaonekana kuwa namba za elfu arobaini na kitu, usishtuke. Ni tarehe zilizokosa muundo, zipe muundo wa tarehe.

Fundi wa Kibodi

Mkuu, kwenye kompyuta ya ofisini kwetu kuna kitu cha ajabu. Naandika 25/04/2025, naburuta chini, na badala ya kupata 26/04/2025 napata 25/04/2026, kisha 25/04/2027. Mwaka ndio unaoongezeka. Nilidhani ni mpangilio wa kujaza, lakini kwenye kompyuta nyingine faili jipya linajaza siku ipasavyo.

MtunzaRejesta

Hapo Excel haijui kabisa kwamba ulichoandika ni tarehe. Kompyuta hiyo imepangiwa utaratibu wa Marekani, ambapo mwezi hutangulia siku. Ikisoma 25/04/2025 inatafuta mwezi wa 25, haiupati, na inayahifadhi maandishi yako kama maandishi tu. Maandishi yanayoishia na namba, ukiyaburuta, Excel huongeza namba ya mwisho, na namba ya mwisho katika maandishi yako ni 2025. Dalili nyingine ni kwamba yanaegemea kushoto mwa seli, wakati tarehe halisi huegemea kulia. Ukiandika =ISNUMBER(A2) kando yake utapata FALSE.

Hiyo, hata hivyo, si hatari kubwa, kwa kuwa inajitangaza. Hatari kubwa ni tarehe zenye siku isiyozidi 12. Ukiandika 03/04/2025 ukimaanisha tarehe 3 Aprili, kompyuta hiyo itaikubali kimya kimya kuwa tarehe 4 Machi, na kioo kitaonyesha 3/4/2025, kwa mpangilio uleule ulioandika. Katika safu moja utakuwa na tarehe zilizogeuzwa, nazo ni namba halali, pamoja na maandishi yasiyo tarehe. Hakikisha kwa kubadilisha muundo wa safu uwe mmmm, unaoonyesha jina la mwezi. Kama ulijaza Aprili na unaona Januari, Februari na Machi zimechanganyika humo, umepata jibu.

Dawa ya kudumu ni kurekebisha mipangilio ya eneo ya Windows iwe ya Tanzania, Kenya au Uingereza, ambako siku hutangulia. Kwenye Google Sheets mpangilio huo uko ndani ya faili lenyewe, kwenye menyu ya File, sehemu ya Settings, mahali palipoandikwa Locale, na kila faili lina wake. Kwa safu ambayo tayari imechanganyika, na una uhakika kwamba yote yaliandikwa kwa siku mbili, mwezi mbili na mwaka nne, safu ya kando yenye fomula hii itaziweka sawa:

=IF(ISNUMBER(A2),DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))

Sehemu ya kwanza inabadilishana siku na mwezi kwa zile zilizogeuzwa, na sehemu ya pili inajenga tarehe kutoka kwenye maandishi. Narudia, itumie pale tu unapojua kwamba safu nzima iliandikwa kwenye kompyuta yenye utaratibu huo. Ikiwa nusu yake ilitoka kwenye kompyuta iliyopangwa sawasawa, fomula itazigeuza zilizokuwa sahihi, na baada ya hapo hakuna fomula itakayoweza kuzitenganisha. Linganisha na karatasi za awali.

Jirani wa Ziwa Tanganyika

Ndugu, mimi niko Bujumbura na Excel yetu ni ya Kifaransa. Nimejaribu fomula ya INT na ROW, imenirudishia kosa.

MtunzaRejesta

Karibu, jirani. Kwenye Excel ya Kifaransa majina ya fomula yamebadilishwa, na vipande vyake hutenganishwa kwa nukta mkato badala ya mkato. INT ni ENT, na ROW ni LIGNE. Andika hivi:

=$H$1+ENT((LIGNE(A1)-1)/$H$2)

Ile ya siku za kazi ni SERIE.JOUR.OUVRE, na IF ni SI. Ukilihifadhi faili na kumtumia mwenzako wa Kigoma mwenye Excel ya Kiingereza, majina yatajigeuza yenyewe likifunguliwa huko, kwa hiyo huna haja ya kuandika mara mbili.

Mama Takwimu

Naomba niongeze kwa wenye matoleo mapya. Kuanzia Excel 2021, na vilevile kwenye Microsoft 365 na Google Sheets, kuna SEQUENCE, ambayo haihitaji kuburuta kabisa. Rejesta yote ya zamu ya mkuu inatoka kwenye seli moja:

=DATE(2025,7,1)+INT(SEQUENCE(1095,1,0)/3)

Andika katika A2, bonyeza Enter, na mistari 1,095 inajaa. Kwenye Google Sheets, ifunge fomula nzima ndani ya ARRAYFORMULA( ). LibreOffice, programu ya bure yenye lahajedwali, nayo ilipata SEQUENCE katika toleo la 24.8. Watumiaji wa LibreOffice wakumbuke pia kwamba kule, kujaza seli nyingi zilizochaguliwa kwa kitu kimoja ni Alt na Enter.

MtunzaRejesta

Ahsante sana Mama Takwimu. Ni kweli, na kwa anayeanza rejesta mpya ni njia safi. Nami huitumia ninapoandaa faili langu mwenyewe. Tahadhari ni kwamba seli zote za chini lazima ziwe tupu. Kukiwa na neno lolote njiani, Excel inaonyesha #SPILL! na haijazi hata mstari mmoja. Pia mwenzako mwenye Excel 2016 hataweza kuihariri fomula hiyo. Vituo vingi vya vijijini vinatumia kompyuta za zamani, na ndiyo sababu nimeitanguliza ile ya =A2+1, ambayo inafanya kazi kwenye toleo lolote na programu yoyote ya lahajedwali.

Mhazini wa Kikoba

Wakuu, swali la mwisho kwa upande wangu. Kikundi chetu kina wanachama 25, na michango hufungwa siku ya mwisho ya kila mwezi. Nataka tarehe ya mwisho wa mwezi ijirudie mara 25, kisha ije ya mwezi unaofuata. Nikiongeza 30 napotea, na nikitumia EDATE, ile ya kusogeza tarehe kwa miezi, kutoka tarehe 31 Januari inakwenda vizuri hadi Februari, halafu Machi inakuwa tarehe 28.

MtunzaRejesta

Mhazini, EDATE imekutii kwa kila hatua. Kutoka 31 Januari kwenda mwezi mmoja mbele inakuta Februari haina 31, inatua 28. Ukiiambia ianze tena kutoka hiyo 28, itakupa 28 Machi, kwa sababu haikumbuki kwamba safari ilianzia mwisho wa mwezi. Tumia EOMONTH, ambayo kazi yake ni kutafuta siku ya mwisho ya mwezi, na uihesabie daima kutoka tarehe ileile ya mwanzo. H1 iwe tarehe yoyote ya mwezi wa kwanza wa michango, kisha:

=EOMONTH($H$1,INT((ROW(A1)-1)/25))

Kwa mwaka 2026 utapata mistari 25 ya 31/01/2026, mistari 25 ya 28/02/2026, mistari 25 ya 31/03/2026, na kuendelea hadi mistari 300. Majina ya wanachama yazungushe kwa ile fomula ya INDEX na MOD niliyompa Mwalimu, ukibadilisha 46 kuwa 25. Vikundi vinavyokutana kila wiki viandike =$H$1+7*INT((ROW(A1)-1)/25), na siku ya kikao haitabadilika.

Kabla ya kubandika kama thamani, weka hii katika safu ya kando na uijaze chini: =COUNTIF($A$2:$A$301,A2). Kila mstari unapaswa kuonyesha 25. Ukiona 24 au 26 mahali popote, kuna mstari uliofutwa au ulioongezwa hapo, na ni heri uutafute sasa kabla michango ya mwanachama haijaingizwa kwenye mwezi usio wake.